Sauti Iko Njiani

Kila asubuhi, kabla soko la Mwanjelwa halijachangamka, Tusekile alifika mbele ya kitegua, mashine ya kujibu maswali, akiwa na kitambaa chenye unyevu na chupa ya maji. Alifuta kwanza sikio, kiwambo cha shaba chembamba kama ganda la kitunguu, kisha mdomo, kisha akachuchumaa kufuta miguu, mahali ambapo vumbi la viazi na maganda ya njegere hupenda kujikusanya. Akimaliza alirudi nyuma hatua moja, akakohoa kidogo kama mtu anayebisha hodi, na kuuliza swali lilelile la kila siku.

"Kwa nini mbingu ni buluu?"

Mstari wa kijani uliokuwa kifuani mwa mashine ulitikisika kama uzi unaopigwa na upepo.

"Mwanga wa jua ni rangi nyingi zilizofungwa pamoja," kitegua kikajibu kwa ile sauti ya mwanamke wa makamo iliyowafanya watu wa soko wakiite Shangazi. "Hewa huitawanya buluu kuliko nyekundu, na buluu hiyo iliyotawanyika hutufikia kutoka…"

"Samahani, mwanangu. Naomba niulize mimi, kabla watu hawajajaa."

Tusekile aligeuka. Nyuma yake alisimama Bi Ikupa, mwuza maparachichi wa kona ya kaskazini, kikapu kichwani, khanga imefungwa vizuri kama ya mtu anayekwenda kwenye shughuli. Tangu Tusekile aletwe kufanya kazi pale, baada ya masika, Bi Ikupa hakuwahi kuuliza lolote. Alizoea kukipita kitegua akikitupia jicho la pembeni, kama mtu anavyompita jirani mwenye mdomo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu Shangazi wenu ameshaamka?"

"Ameamka. Uliza tu."

Bi Ikupa akatua kikapu, akalisogelea sikio la shaba, akapaza sauti kana kwamba anaongea na mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Sauti ya mtu aliye Mwezini inachukua muda gani kufika hapa Mbeya?"

"Hubebwa na mawimbi ya redio, nayo hukimbia kwa mwendo wa mwanga," kikajibu kitegua. "Kutoka Mwezini ni sekunde moja na robo hivi. Kabla hujamaliza kutaja jina lako na la baba yako, imeshafika."

Tusekile alitabasamu, maana maneno yale yalikuwa yake. Aliyaandika mwenyewe, na alihangaika siku nzima kutafuta mfano ambao hata mtu asiyejua kusoma saa angeuelewa. Lakini Bi Ikupa hakutabasamu.

"Sekunde," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Si wiki."

"Si wiki, mama. Sekunde."

Bi Ikupa aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeambiwa bei na kuona haimfai. Akajitwika kikapu. Hakwenda kwenye kona yake. Alirudi njia aliyojia, akapita katikati ya wachukuzi wa chuma waliokuwa wakishusha magunia ya viazi kutoka kwenye malori, na wale wachukuzi, ambao hawakuumbwa kujua huzuni ya mtu, wakampisha kwa adabu na kuendelea na kazi.

Mbeya ya siku hizo ilikuwa na vitegua katika kila soko, kila stendi na kila uwanja wa mpira. Vilitengenezwa na Idara ya Majibu ya jiji ili mtu yeyote mwenye swali kuhusu dunia na anga apate jibu bila kuona haya. Kwa nini nyota humetameta na sayari hutulia? Kwa nini chuma cha baridi huuma mkono kuliko ubao wa baridi? Je, angani kuna harufu? Kazi ya Tusekile ilikuwa kurahisisha. Alichukua majibu marefu ya wanasayansi, yenye mikia na matawi, akayapunguza mpaka jibu zima liweze kusemwa kwa pumzi moja. Alikuwa msichana mwenye haya, asiyependa kusimama mbele ya watu, na kazi ile ilimfaa kwa sababu ilimwezesha kuongea na jiji zima akiwa amejificha nyuma ya sauti ya mtu mwingine.

Wahandisi wa kwanza waliotengeneza vitegua waliviwekea mila ya vitendawili. Kitegua kikishindwa na swali kilisema, "Umenishinda. Nakupa mji," kisha kikataja mji. Na kama ilivyo kwenye vitendawili, aliyepewa mji hakuruhusiwa kuondoka hivihivi; sharti atoe jibu mwenyewe, mbele ya wote. Ndivyo mashine ilivyojifunza. Na ndivyo soko lilivyojipatia burudani. Fundi viatu Syabumi, mzee mwenye kofia ya sufu na mdomo usiopumzika, aliwahi kukiuliza kwa nini mbuzi wa mtaani huacha maua ya watu wote na kula ya kwake yeye Syabumi. Kitegua kikahangaika, mstari wa kijani ukapanda na kushuka, kikampa Chunya. Syabumi akasimama juu ya kigoda chake na kutoa jibu: "Kwa sababu ni mbuzi wa shemeji yangu." Tangu siku ile watu walimwita Mkuu wa Chunya, naye aliitika.

Lakini mila hiyo ilikuwa imeondolewa. Mwanzoni mwa mwaka Idara iliviunganisha vitegua vyote na ubongo mkubwa wa Dodoma, ambao haukukosa jibu kwa jambo lolote. Miji ikaisha. Syabumi alilalamika kwamba Shangazi amekuwa mchoyo. Wengine walizoea.

Siku ile ya swali la Bi Ikupa, Syabumi alimwita Tusekile kwa kidole, bila kuinua macho kutoka kwenye soli aliyokuwa akiishona.

"Binti, mashine yako imemwambia nini Mama Gwakisa?"

"Aliuliza sauti kutoka Mwezini huchukua muda gani. Ikamjibu."

"Ikamjibu kweli?"

"Ikamjibu kweli, babu. Haijui kujibu vingine."

Syabumi aliweka sindano chini. "Basi mmeharibu. Mtoto wake Gwakisa yuko huko juu, anachoma matofali ya vumbi la Mwezi. Alikuwa akimpigia kila Jumapili, hapohapo kwenye Shangazi, na sisi wote tunasikiliza. 'Shikamoo mama.' 'Marahaba baba.' Mpaka tukamzoea kama jirani. Kisha masika yakaja, kijana akanyamaza. Jumapili ya kwanza, ya pili. Mama akawa anauza maparachichi huku macho yakiwa kwenye hiki chuma. Ikabidi nimwambie kitu."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia Mwezini ni mbali. Sauti iko njiani. Kama lori la kutoka Tunduma, linakwama, linatengenezwa, linafika." Alifuta pua kwa kiganja. "Wanawake wote wa mboga wakaniunga mkono. Kila mmoja akaongeza lake. Mwingine akasema sauti hupumzika kwenye mawingu. Tumemtunza mama huyo tangu masika, na nyie mmemmaliza kwa pumzi moja."

Tusekile alichukua kitambaa chake. Alirudi kwenye kitegua, akaanza kufuta sikio ambalo lilikuwa tayari safi.

Kesho yake Bi Ikupa alirudi. Alikuja saa ileile ya asubuhi, akamwacha Tusekile amalize swali lake la buluu, kisha akasogea.

"Nimesikia Mwezini hakuna hewa. Ni kweli?"

"Ni kweli," kitegua kikasema. "Mwezi ni mdogo, mvuto wake ni hafifu; hewa yoyote ingetoroka kwenda angani."

"Na sauti husafiri kwenye hewa."

"Ndiyo. Pasipo hewa, hata ukipiga kelele karibu na sikio la mwenzako, hasikii kitu."

Uso wa Bi Ikupa ulifunguka kama dirisha. Alimgeukia Tusekile, akamshika mkono. "Umesikia? Hasikiki. Anaita, lakini hasikiki." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu makini, akaligeukia tena sikio la shaba. "Na hayo mawimbi yenu ya redio, nayo yanahitaji hewa?"

"Hapana. Mawimbi ya redio hupita mahali pasipo na kitu chochote."

Dirisha likafungwa.

Siku iliyofuata aliuliza kama ni kweli usiku wa Mwezini ni mrefu. Kitegua kikamwambia kwamba usiku wa huko huchukua majuma mawili ya huku, na mchana vilevile, kwa sababu Mwezi hujizungusha polepole. Akauliza, basi watu hulala usiku huo wote? Kikamwambia hapana, wanafuata saa za Duniani, wanaamka, wanakula, wanafanya kazi, wanapumzika Jumapili. Siku nyingine akauliza kuhusu vumbi: lile vumbi wanalochimba, haliwezi kuruka na kuziba njia ya sauti? Kikamjibu kwamba Mwezini hakuna upepo, na vumbi likirushwa huanguka palepale kama jiwe. Akauliza kuhusu jua. Alikuwa amesikia kwamba jua hutapika moto na kuharibu mitambo. Tusekile, aliyekuwa amejibanza nyuma, alijongea asikie.

"Dhoruba za jua huvuruga redio," kitegua kikasema, "kwa saa kadhaa, pengine siku chache. Kisha hupita."

"Siku chache."

"Siku chache."

"Na mtu aliye huko, akitazama juu, anatuona?"

"Anaiona Dunia. Kutoka kituo cha matofali haichomozi wala haizami. Imening'inia palepale angani, kubwa kuliko Mwezi tunaouona sisi, na kila akiinua macho ipo."

Bi Ikupa naye aliinua macho juu. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo hakuitumia kwa mashine kabla ya hapo, "Ni wazima?"

"Kituo kimetoa taarifa leo asubuhi. Wafanyakazi wote ni wazima."

Alimshukuru Mungu kwa midomo, bila sauti. Tusekile alimtazama akijitwika kikapu, na ndipo alipoelewa vizuri mambo aliyokuwa akiyasikiliza kwa siku zote hizo. Mama huyu hakuwa anajifunza habari za anga. Alikuwa anatafuta kisingizio cha mwanawe. Alizunguka Mwezi mzima akigonga mlango mmoja baada ya mwingine, na kila alipogonga, Tusekile, kwa maneno yake mafupi, mazuri, ya kweli, alikuwa ameufunga. Hewa, usiku, vumbi, jua, umbali. Milango ilikuwa karibu kwisha. Swali lililobaki lilikuwa moja, na siku yoyote angeliuliza.

Jioni hiyo wanawake wa mboga walimzunguka Tusekile palepale sokoni. Msemaji wao alikuwa Mama Bahati wa mchicha, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, ingawa siku ile hakucheka.

"Dada, hii mashine si unaitengeneza wewe?"

"Natengeneza maneno yake."

"Basi ifundishe kudanganya kidogo. Si sana. Iseme Mwezi umehama."

"Mwezi haujahama, mama."

"Nani atapanda kwenda kupima?" Wenzake wakaguna kumuunga mkono. "Wewe ni mtoto wa watu, una huruma, tunakuona. Mwambie hata mnara wa Loleza, unaoleta sauti za huko juu, umeharibika."

Tusekile aliutazama mnara, uliokuwa ukimulika taa yake kileleni mwa mlima juu ya jiji, mzima kabisa. Kwa muda mfupi alishawishika. Lakini alimfikiria Bi Ikupa akiuliza swali baada ya swali kwa mpangilio ule, kama mtu anayepepeta mchele, na akajua kwamba uongo nao angeupepeta. "Siwezi kumdanganya," alisema. "Angejua. Ila nitatafuta njia."

Usingizi haukuja upesi siku ile. Asubuhi, badala ya kwenda sokoni, alikwenda Idarani kwa Mhandisi Mwambene.

Mwambene alikuwa mkuu wake, mtu wa maneno ya taratibu na mashati yaliyopigwa pasi sana. Tusekile hakuwahi kuingia ofisini kwake bila kuitwa. Alisimama mlangoni mpaka mhandisi akamwona.

"Tusekile. Kuna kilichoharibika?"

"Hapana, mhandisi. Kila kitu kinafanya kazi."

"Basi mbona uso umekunjamana? Kaa. Sema."

Alikaa. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na sasa yote yalitawanyika. Badala ya kuyakusanya akainuka tena, akakiendea kitegua kidogo cha majaribio kilichokuwa kwenye kona ya ofisi, na kukiuliza lile swali ambalo alijua linakuja.

"Kwa nini mwanangu aliye Mwezini hanipigii?"

Mstari wa kijani haukusita hata kidogo. "Watu wanaoishi mbali kwa muda mrefu hupunguza mawasiliano kadiri wanavyozoea maisha mapya," kikasema kwa sauti ileile tamu. "Ni jambo la kawaida, na hutokea kwa wengi baada ya mwaka wa kwanza."

Mwambene aliacha kalamu.

"Una mtoto Mwezini?" aliuliza, akijua kwamba hana.

"Sina. Yuko mama mmoja Mwanjelwa. Ameuliza kila kitu isipokuwa hilo. Akiuliza, ataambiwa maneno hayo mbele ya soko zima."

"Lakini jibu ni sahihi. Utafiti umefanywa."

"Ni sahihi kwa wengi, mhandisi. Kwa Gwakisa hatujui. Mimi sijui, wewe hujui, ubongo wa Dodoma haujui. Unakisia, halafu unasema kama vile unajua." Alishangaa kusikia sauti yake imepanda, akaishusha. "Naomba turudishe mji."

Mwambene alicheka kidogo, si kwa dharau. "Tusekile, tulihangaika miaka kuondoa lile neno 'umenishinda'. Ijumaa kuna wageni kutoka majiji mengine wanakuja kuona vitegua visivyoshindwa. Mashine inayosema sijui, nani ataiheshimu?"

"Watu wa Mwanjelwa waliiheshimu zaidi wakati ule. Walikuwa wakiibishia."

Mhandisi alitazama dirishani, magari ya kamba yakipanda na kushuka Loleza. Alikuwa na binti aliyeolewa mbali, na Tusekile hakulijua hilo.

"Kwa kitegua chako tu," akasema hatimaye. "Na kwa maswali ambayo majibu yake yamo ndani ya mtu mmoja. Maswali ya hewa na nyota yaendelee kujibiwa. Wageni wakiuliza, nitawaambia ni mila yetu."

"Ni mila yetu kweli, mhandisi."

"Haya, nenda kabla sijabadili mawazo."

Alifanya kazi ile siku nzima, na haikuwa rahisi. Kuifundisha mashine jibu kulikuwa kazi ndogo. Kuifundisha mahali pa kuishia kulimtoa jasho. Ilibidi aifundishe kutofautisha "kwa nini maji huganda" na "kwa nini mume wangu amenuna," swali moja baada ya jingine, mpaka mstari wa kijani ulipoanza kusita mahali pake.

Bi Ikupa hakuja siku iliyofuata, wala iliyofuatia. Alikuja Jumapili, siku ambayo familia zenye watu wao Mwezini hupanga foleni kwenye kitegua kuzungumza nao, kwa gharama ya kituo. Tangu Syabumi amsimulie, Tusekile alikuwa amejiuliza kwa nini hakuwahi kumwona Bi Ikupa kwenye foleni ile, akadhani labda hataki kungoja mbele ya watu. Leo alisimama nyuma ya watu, bila kikapu. Alipofikiwa na zamu, soko lilijua. Mama Bahati aliacha kufunga mchicha. Syabumi alivua kofia.

"Shikamoo, Shangazi," alisema Bi Ikupa, na hakuna aliyecheka ingawa alikuwa mkubwa kuliko mashine na kuliko wote walioitengeneza. "Nina swali jingine. Mawimbi yakifika huko, yanaweza kupotea kwa sababu… kwa sababu ya milima?" Alitikisa kichwa. "Hapana. Hilo silo."

Akalisogelea sikio la shaba.

"Kwa nini Gwakisa hanipigii?"

Mstari wa kijani ulipanda. Ukashuka. Ukapanda tena, ukatetemeka juu kabisa. Kisha mstari ukatulia.

"Umenishinda, mama," kitegua kikasema. "Sijui. Nakupa mji. Chukua Tukuyu."

Mngurumo mdogo ukapita sokoni. Watu hawakuwa wameyasikia maneno yale tangu mwaka uanze. Bi Ikupa alibaki ameduwaa, mikono imening'inia, kama mtu aliyesukuma mlango mzito na kukuta uko wazi.

"Tukuyu," alirudia.

"Mji mzuri huo," Syabumi alisema kutoka kwenye kigoda chake, kwa upole ambao watu hawakuuzoea kwake. "Kuna mvua, kuna ndizi. Lakini kanuni unaijua, mama. Mimi nilipopewa Chunya nilitoa jibu. Ukipokea mji, unatoa jibu."

"Jibu sina."

"Mwenye swali hakosi jibu. Chukua muda wako."

Bi Ikupa alishika ncha ya khanga yake, akaikunja, akaikunjua.

"Jumapili ya mwisho," alianza, akiongea na sikio la shaba na si na watu, "aliniamkia kama kawaida. Nikaitikia. Nikamweleza habari za maparachichi, na mvua. Halafu akasema, 'Mama, nimechoka.' Hakusema zaidi. Na mimi nikamwambia tunavyoambiana wote. Nikamwambia, 'Vumilia, baba.' Akasema, 'Haya, mama.'" Akaikunja tena ile ncha. "Gwakisa ni mtoto msikivu. Tangu mdogo, nikimwambia kaa hapa, anakaa mpaka nirudi. Nadhani mpaka leo anavumilia. Nadhani anaona akinipigia nitamsikia kwenye sauti kwamba bado amechoka, ndiyo maana hapigi. Hilo ndilo jibu langu."

Mama Bahati alikuwa akijifuta macho kwa shada la mchicha bila kujua.

Tusekile, ambaye siku zote hukaa nyuma ya mashine, alitoka mbele.

"Mama," alisema, "kwa nini usimpigie wewe?"

Bi Ikupa alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi? Mwanangu, mtoto ndiye anayeamkia. Nimekaa tangu masika nikingoja shikamoo yake. Nitaanzaje mimi? Nitasema nini?"

"Sijui, mama." Alikuwa hajawahi kulisema neno hilo mbele ya watu wengi hivyo, na halikumwumiza. "Lakini leo wewe ndiye mwenye Tukuyu. Mwenye mji anaweza kuanza."

"Hiyo ni kanuni?" Bi Ikupa aliuliza, akimgeukia Syabumi.

"Mimi ni Mkuu wa Chunya," Syabumi akasema. "Nasema ni kanuni."

Kicheko kidogo kilipita, cha watu waliokuwa karibu kulia. Tusekile aligusa sehemu ya kitegua inayofungua njia ya Mwezi. Mnara wa Loleza ulipokea, taa yake ikabadilika kileleni, na kutoka kifuani mwa mashine ukaja mvumo mwembamba, kama wa ganda la konokono ukiliweka sikioni.

"Njia iko wazi," Tusekile akanong'ona. "Ukisema sasa, anasikia kabla hujamaliza kutaja jina lako."

Bi Ikupa akasogea. Safari hii hakupaza sauti. Alizungumza kwa sauti ya ndani ya nyumba, ya mtu anayemwamsha mtoto bila kutaka kumshtua.

"Gwakisa. Ni mama yako. Sikungoja shikamoo, utaniamkia baadaye." Alivuta pumzi, na soko zima likavuta naye. "Baba, nilikuambia uvumilie. Usivumilie tena. Ukichoka, rudi nyumbani. Nimekukumbuka."